Nafasi ya mafunzo nimepewa mimi, aliyenifundisha kaachwa

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mkutubi kwenye maktaba ya mkoa hapa Tanzania. Mkoa siutaji, maana sisi watu wa maktaba tunajuana, ukitaja mkoa umeshataja mtu. Nina miaka 34, mume na watoto wawili, na stashahada ya ukutubi niliyoisomea Bagamoyo. Kazi naipenda. Kinachonikosesha usingizi ni nafasi ya mafunzo niliyoipata. Kila mtu ananipa hongera, na kila hongera inanichoma.

Nilipohamishiwa kituo hiki nilikuta kazi ya kuingiza vitabu kwenye kompyuta imeanzwa ikaachwa njiani. Tunatumia Koha, programu ya maktaba. Chuoni tuliisoma, ila kuisoma ni jambo moja, na kukaa nayo peke yako mbele ya maboksi ya vitabu vya msaada na vitabu vya Kiswahili vya miaka ya 1970 visivyo na ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, ni jambo jingine. Kitabu cha Kiingereza unaweza kukuta kuna mtu ameshakiingiza huko duniani, ukavuta rekodi yake ikaja na namba zote. Cha Kiswahili mara nyingi huna pa kuvuta. Unaanza mwenyewe: sehemu ya 100 mwandishi, sehemu ya 245 jina la kitabu, halafu unabaki unakodolea macho pale panapotakiwa namba ya Dewey, ile ya kukipanga kitabu rafuni kulingana na somo lake.

Siku moja nimekwama kabisa, nikapewa namba ya mtu wa maktaba ya mkoa wa jirani. Nitamwita Kaka M. Hakuwa ananijua. Alikaa nami kwenye simu mpaka salio langu likakata, kisha akapiga yeye tukaendelea. Huyu kaka ana astashahada tu. Aliingia kazini kama mhudumu wa kurudisha vitabu kwenye rafu, mengine akayapata kwa kuuliza na kusoma. Lakini kwa uainishaji, yaani kukipa kitabu namba yake, sijaona mfano wake. Unamsomea jina la kitabu, hujafika mwisho, anakutajia namba na sababu yake.

Simu zile ndizo zilizozaa kundi letu la WhatsApp. Tulianza wawili, wakaja wenzetu wa mikoa mingine mitatu, sasa tuko maktaba tano. Nililifungua mimi kwenye simu yangu, kwa hiyo msimamizi anayeonekana ni mimi. Ila mwalimu ni yeye. Kila Jumatano jioni, kazi ikishaisha, mtu anatuma picha ya kitabu kilichomshinda, jalada na ule ukurasa wa ndani wenye jina la mchapishaji, na Kaka M. anajibu kwa ujumbe wa sauti. Huanza hivihivi kila mara: "Haya, tusikimbilie namba. Kwanza, atakayekuja kukitafuta hiki ni nani?" Nyuma yake unasikia watoto na redio.

Tumefika mbali, Mama. Tuligundua maktaba hizi tano kila moja inaandika majina ya waandishi kivyake. Shaaban Robert kwetu alikuwa chini ya Robert, kwa wenzetu chini ya Shaaban, na kituo kimoja alikuwa kote kuwili kama watu wawili. Msomaji akitafuta anapata nusu ya vitabu. Tulibishana mpaka tukakubaliana, na sasa tuna faili moja la majina tunaloliongezea kidogo kidogo. Na wengine nao hufundisha. Mimi niliwaeleza ninavyoendesha saa ya hadithi za watoto Jumamosi, na mama mmoja wa kituo kingine alitupigia video akishona kitabu kilichoachia kurasa kwa uzi na sindano ya viatu.

Sasa shida. Yalitangazwa mafunzo ya wiki mbili Nairobi, ya kuandaa wakufunzi wa maktaba za umma wa Afrika Mashariki. Nauli, malazi, chakula, vyote vinalipwa. Masharti ni stashahada kwenda juu na barua ya mkuu wa kituo. Mkuu wangu ni mama mtu mzima anayenichukulia kama bintiye. Aliniita, akanijazisha fomu, akaandika barua, na nikachaguliwa.

Barua yenyewe nilikuja kuiona baadaye, nilipopewa nakala ya kuweka kwenye jalada langu. Iliandikwa: "Mtumishi huyu ndiye aliyebuni mafunzo ya pamoja ya maktaba tano za mikoa, na ndiye mwalimu mkuu wa mafunzo hayo." Nilihisi joto masikioni. Nikarudi kwake, nikamwambia, mama, mwalimu si mimi. Akacheka. "Mwanangu, barua ya kumwombea mtu si ushahidi wa mahakamani. Kundi si la kwako? Basi."

Habari zikafika kundini kabla sijazipeleka mimi. Wakamimina hongera na maua. Kaka M. aliweka dole gumba, moja tu. Tangu hapo hajatuma sauti hata Jumatano moja. Wiki iliyopita mwenzetu wa pwani alileta kitabu cha kilimo cha mwani, akauliza kikae 633 na mazao ya shamba au 639 na mambo ya uvuvi. Ni swali ambalo zamani Kaka M. angelidaka hewani. Tiki zikawa za buluu, kimya. Mwisho mtu mmoja akajibu kwa kubahatisha, mazungumzo yakafa.

Nimeambiwa na mwenzetu mmoja kwamba jina lake limewahi kupendekezwa kwenye mafunzo zaidi ya mara moja, na kila mara cheti ndicho kinachomrudisha. Huyohuyo mwenzetu ananiambia niikatae nafasi ili haki ionekane. Mume wangu anasema nikikataa nitakuwa nimechezea bahati yetu sote. Mama yangu mzazi anasema riziki ya mtu hailiwi na mwingine, niende.

Na kuna jingine. Mkuu wangu ameshasema nikirudi nitakuwa mratibu, na kundi liwe la kiofisi: wakuu wa vituo waingizwe, kuwe na mahudhurio na taarifa kila robo mwaka. Wenzangu wamesikia na wameanza kunong'ona. Wanasema nani atathubutu kuuliza swali la kijinga mbele ya mkuu wake?

Barua ya kukubali inatakiwa ifike Ijumaa ya wiki ijayo. Niende? Nikatae? Na huyu kaka nimwambie nini?

Mimi, Mkutubi wa mkoani

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole, na hongera pia, hata kama umesema hongera zinakuchoma.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na nikampigia ndugu yangu mmoja aliyestaafu kazi ya maktaba anielekeze mambo ya namba, maana mimi huko ni msomaji tu. Ninavyokuelewa, mtu aliyekushika mkono ulipokuwa hujui pa kuanzia ameachwa nje ya mlango ambao wewe umefunguliwa. Mlango huo umefunguliwa kwa maneno yanayokupa sifa yake. Naye amenyamaza, na wewe unakichukulia kimya chake kama hukumu. Juu ya hayo kuna siku ya mwisho, na kila mtu wa karibu ana jibu lake tayari.

Niruhusu nianze na kukataa, kwa kuwa ndilo jambo unalolipa uzito na ndilo linaloniingia kichwani kwa shida. Umesema sharti ni stashahada. Kaka M. ana astashahada. Ukijitoa leo, kiti kinakwenda kwa nani? Kwa unavyoeleza, kitakwenda kwa mtu wa kituo kingine ambaye hajawahi hata kusikia ujumbe wake mmoja wa sauti, au kitabaki kitupu. Sisemi kwamba kukataa hakuna maana. Wapo watu ambao hawawezi kula chakula kilichopatikana kwa namna fulani, na wewe ukiwa wa namna hiyo unajijua. Lakini jiulize ni nani hasa atakayepumua ukikataa, yeye au wewe. Pia fikiria upande wake. Siku akisikia kwamba umeacha Nairobi kwa ajili yake, amebebeshwa nini? Alikuwa amekosa nafasi, sasa ataambiwa na mumeo, na mkuu wako, na kundi zima kimoyomoyo, kwamba ndiye aliyekukosesha.

Kwenda nako kuna hatari zake, tena si ndogo. Utarudi na cheti cha mkufunzi, uje umfundishe uainishaji mtu aliyekufundisha uainishaji. Kuna watu wanalimeza hilo wakicheka. Kuna wengine hawalimezi kamwe.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye ile sentensi ya barua, na hapo nataka tukae kidogo. Mkuu wako ana ukweli fulani: barua za kuombea watu huwa zinapulizwa, anayeandika anajua, anayesoma anajua. Angeandika kwamba wewe ni mchapakazi kuliko wote kanda nzima, nisingeshtuka. Sentensi hii ni ya aina nyingine. Imechukua kazi yenye mwenyewe ikaiandikia jina jingine. Na haitabaki kwenye jalada. Waandaaji wakiisoma watakupanga ueleze uzoefu wa kuendesha mafunzo ya maktaba tano, na utasimama mbele ya wakutubi wa Kenya na Uganda, watu wanaojua kuuliza. Utasema nini? Ukisema "nilianza", umeitia sahihi wewe mwenyewe. Hivi sasa sahihi iliyopo pale ni ya mtu mwingine.

Nikupe kisa cha hiyo programu unayoitumia kila siku. Koha ilitengenezwa New Zealand kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, wilaya ndogo tu, ikaanza kazi Januari 2000. Wangeweza kuiuza. Wao wakaitoa bure, maktaba za dunia zikaichukua, kila anayeweza akaongeza chake, hadi ikafika mezani kwako. Mwaka 2011 kampuni moja ya Marekani ilipotaka jina hilo liwe alama yake ya biashara huko New Zealand, wale wa Horowhenua walikataa katakata, na watu wa maktaba wa nchi nyingine wakawachangia fedha za kuwatetea. Hebu tazama: programu walikuwa wameshaigawa, hawakumzuia mtu kuitumia wala kuitengenezea biashara. Kilichowasimamisha ni jina. Sijui kama Kaka M. anafikiri hivyo. Nasema tu kwamba mtu anaweza kugawa maarifa yake yote bila kudai senti, na bado akaumia sana kusikia yameitwa ya mwingine, na hakuna mgongano wowote hapo.

Unaweza kufanya nini juu ya sentensi hiyo? Unaweza kumwomba mama mkuu wako aandike nyingine fupi ya kurekebisha. Ni njia iliyonyooka kuliko zote, na pia ndiyo inayoweza kumwumiza zaidi mtu aliyekutendea wema. Mtu mzima aliyekuandikia kwa mapenzi, ukamrudishia karatasi yake ina kosa, anaweza kuona umemvua nguo mbele ya wageni. Waandaaji nao wanaweza kuanza kuuliza maswali. Unaweza badala yake kuitumia barua yako mwenyewe ya kukubali, hiyo ya Ijumaa. Sentensi mbili zinatosha, kwa mfano: "Mafunzo tunayoyaendesha ni ya maktaba tano kwa pamoja, na somo la uainishaji hufundishwa na mwenzetu wa mkoa wa jirani mwenye uzoefu wa muda mrefu. Nitakayoyapata nitayarudisha kwa wenzangu wote." Humkanushi mtu, unaeleza kazi ilivyo. Ila ningekuwa wewe mama angeiona kabla haijatumwa. Asije akakutana nayo kwenye nakala, kama wewe ulivyokutana na yake. Au unaweza kuliacha karatasini na kulisema kwa mdomo Nairobi. Hilo ni jepesi zaidi kwa kila mtu, na kwa sababu ni jepesi, ndilo rahisi zaidi kuliahirisha mpaka wiki mbili ziishe.

Sasa Kaka M. Mwanangu, umenieleza dole gumba, tiki za buluu, redio na watoto wanaosikika nyuma. Hujanieleza kwamba umempigia simu. Labda umepiga ukasahau kuandika, lakini kama hujapiga, basi yote tunayoyajua juu ya moyo wake tumeyasoma kwenye kioo cha simu. Inawezekana ameumia kama unavyodhani. Inawezekana ameisikia ile sentensi ya barua, maana maofisini karatasi zina miguu. Inawezekana pia mtoto anaumwa. Na kuna jambo jingine ambalo barua yako inalipita haraka: huyu mtu amekuwa akifundisha vituo vitano kila Jumatano jioni baada ya kazi, kwa bando lake, nyumbani kwake, bila malipo. Nani aliwahi kumuuliza kama bado anataka? Huenda habari ya Nairobi haikumkasirisha bali ilimchosha, au ilimkumbusha kuwa amechoka. Watu tunaowategemea sana huwa hatuwaulizi.

Kwa hiyo mpigie. Usimwandikie, na usiseme chochote kundini kabla. Kama mikoa yenu inapakana na nauli ipo, ungemfuata ingekuwa bora zaidi, ukakaa kwao ukanywa chai. Mwulize ya nyumbani kwanza, na umwache ajibu kwa nafasi yake. Halafu, kwa maoni yangu, mwambie habari ya barua wewe mwenyewe, neno kwa neno, pamoja na kwamba ulikwenda kwa mkuu wako na kilichojibiwa. Hatari ipo: kama alikuwa hajui, utakuwa wewe uliyempelekea kidonda. Lakini akikijua kupitia mtu mwingine, na huyo mwenzenu anayekupa ushauri anaonekana ana habari nyingi, atajua pia kwamba ulijua ukanyamaza.

Usimkatishe akisema maneno mazito. Na usikimbilie kumshukuru akisema, "Nenda tu, mdogo wangu." Maneno hayo kwa Kiswahili chetu yana sauti nyingi. Kuna ya baraka, na kuna ile ya mtu anayefunga mlango taratibu ili usisikie. Wewe umesikiliza sauti yake kwa muda mrefu, utatofautisha.

Jambo la cheti ndilo mzizi, na hapo wewe peke yako huna nguvu kubwa, ila huna mikono mitupu. Kazi ya ukutubi kwetu imekuwa na historia ya kusafiri kuutafuta ujuzi. Shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilifunguliwa Makerere mwaka 1963, na wengi wa kizazi kile wa nchi zetu tatu walikutana darasani Kampala. Chuo cha Bagamoyo kilikuja mwaka 1989, kwa sehemu ili watumishi wa ngazi za chini na kati wasomee nyumbani. Mwenye astashahada ana njia ya kuifikia stashahada. Swali ni kwa nini Kaka M. hajaifuata. Ni ada? Ni ruhusa ya mwajiri? Ni familia isiyoweza kubaki bila yeye? Au anaona, na si yeye peke yake anayeona hivyo, kwamba kwa umri na ujuzi wake kukaa darasani na vijana aambiwe namba 000 ya Dewey ni nini ni kudharauliwa? Kila jibu linataka msaada tofauti. Usimwendee na mpango umeshaupanga. Jumuiya ya maktaba za Afrika, AfLIA, yenye makao yake Accra, nayo huandaa mafunzo ambayo sehemu yake hufanyika mtandaoni. Masharti hutofautiana, na pengine kuna lango ambalo cheti si kufuli. Na mkuu wako, anayejua kuandika barua zenye nguvu kiasi hiki, je, hawezi kuzungumza na mkuu wa Kaka M., mtu mzima kwa mtu mzima? Mimi ningemwomba hilo kabla ya kumwomba lolote juu ya ile sentensi. Huenda akalifurahia.

Kuhusu kundi kufanywa la kiofisi sitasema sana, kwa sababu naona mmeanza kuliogopa kabla halijaja. Wenzako wana hoja. Swali la kijinga ndilo lililowafundisha, na swali la kijinga halipendi mahudhurio. Lakini kundi lililo kwenye simu yako nalo ni tete. Simu ikiibwa, ukahamishwa, ukakosana na mtu, masomo yote yale ya sauti yamekwenda. Nimeuliza pia juu ya lile faili la majina, na ndugu yangu mstaafu akatikisa kichwa kwanza kabla ya kulisifu. Aliniambia kwamba kwa miaka mingi vitabu vya maktaba za mikoa vilinunuliwa na kuainishwa Dar es Salaam, vikaja kwenu vikiwa na namba zake, na shabaha ilikuwa hiyohiyo ya kitabu kimoja kukaa namna moja kila mkoa. Sasa ninyi watano mmekubaliana Shaaban Robert akae wapi. Je, makao makuu wanajua? Mikoa mingine inajua? Isije ikawa mmetibu tofauti kati yenu watano mkazaa tofauti kati yenu na nchi nzima. Hilo faili linastahili kwenda juu, na likienda, liende na majina ya walioliandaa. Jumatano jioni si lazima iende nalo. Unaweza kumwuliza mkuu wako kama anaweza kupokea taarifa ya kazi iliyokamilika bila kuingia kwenye mazungumzo yanayoizaa. Anaweza kukataa. Pia anaweza kuwa hajawahi kufikiri kwamba vitu hivyo viwili vinatenganika.

Wakutubi wa ukanda wetu wamewahi kuonja kutengana, kama hilo linakupa moyo. Chama cha maktaba cha Afrika Mashariki kilivunjika mwanzoni mwa miaka ya 1970, kila nchi ikashika chake. Haikupita muda wakaona wanahitajiana, wakakutana Dar es Salaam mwaka 1974, na mkutano ule umeendelea kuzunguka nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika hadi leo, kwa jina la SCECSAL. Wana ofisi zao, vyeo vyao na taarifa zao, na sina shaka kwamba mengi ya maana huzungumzwa wakati wa chai.

Mumeo na mama yako wamekupa majibu ya watu wanaokupenda. Wasikilize. Ila wao hawatakuwa kundini Jumatano utakaporudi.

Sijakuambia uende au usiende, na sitakuambia, maana ukienda ukiwa umeshazungumza na Kaka M. ni safari moja, na ukienda hujazungumza naye ni safari nyingine kabisa, ingawa basi ni lilelile. Mpaka Ijumaa ya wiki ijayo kuna muda wa kutosha wa simu moja na kikao kimoja na mkuu wako. Anza na simu. Atakayokuambia Kaka M. yanaweza kubadilisha utakachomwomba mkuu wako, na yanaweza hata kubadilisha hizo sentensi mbili za barua. Akitaka jina lake litajwe waziwazi, andika. Akisema hataki kutajwa, mwulize kwa nini kabla hujakubali. Kisha niandikie, nitapenda kujua.

Mama Mshauri